Je, Wajua? Mgololo, Mji wa Karatasi Jirani na Reli

Je, wajua kwamba Mgololo, wilayani Mufindi, ulikua kwa sababu ya kiwanda cha karatasi kilichowekwa palipo na miti, maji na reli?  Reli ndiyo iliyotangulia. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kiwanda kikafuata miaka ya 1980, kikilishwa misonobari ya shamba la miti la Sao Hill.

Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa wajenzi jasho. Ni kilomita 160 hivi tu, lakini karibu asilimia 30 ya madaraja, mahandaki na kazi za udongo za reli nzima zimo humo. Nguzo za daraja la Mto Mpanga zina kimo cha mita 50!

Treni ikisimama kwenye vituo vya reli hii, akina mama hukimbilia madirishani na ndizi na mahindi ya kuchemsha, na abiria hulipa haraka kabla honi haijalia. Kwa vijiji ambavyo barabara zake hugeuka tope wakati wa masika, soko ni hilo. Treni ikichelewa, hasara ni ya muuzaji.