Mota Inaposita: Hitilafu ya Mwendo wa Chini na Msamiati Wake katika Viwanda vya Mlima Kenya

Katika viwanda vya chai vya Nyeri, kama vile Chinga, Iriaini, Gathuthi na Ragati, jani halingoji mtu. Likishakatwakatwa na mashine huanza kuchachuka papo hapo, na likipitisha muda wake kabla ya kufika kwenye kikaushio hupoteza mng'ao na ukali unaolipatia bei katika mnada wa Mombasa. Kwa sababu hiyo, ukanda wa kuchachushia chai huenda kwa mwendo wa kinyonga, lakini mwendo huo sharti uwe wa hakika. Kazi za namna hii, zinazodai nguvu nyingi kwa mwendo mdogo, ndizo zilizowafanya wahandisi kwa miongo mingi waipende mota ya mkondo mnyoofu. Siku hizi mota za mkondo geu zenye vidhibiti vya kielektroniki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo, pale ambapo mtambo wa zamani ungali ukifanya kazi, hitilafu yake ya zamani nayo ipo.

Makala haya yanafafanua hitilafu moja tu: mota huzunguka vyema inapokwenda kasi, lakini husimama pindi inapopunguzwa mwendo huku imebeba mzigo. Hukumu inayotolewa upesi karakanani ni kwamba "mota imekufa". Hufunguliwa, hupelekwa mjini kufungwa nyaya mpya, hurudishwa, nayo husimama vilevile. Gharama imelipwa, jani limeharibika, na mgonjwa hakuwa mota.

Ili kulielewa jambo hili, inafaa kuzingatia kuwa mota inapozunguka huzalisha volti yake yenyewe inayopingana na ile inayoletewa. Kadiri mwendo unavyozidi ndivyo volti hiyo ya upinzani inavyokua. Tuseme mota fulani huzalisha volti 420 kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, ukinzani wa nyaya za rota yake ni omu 1, na mzigo wake kamili hudai mkondo wa ampea 20. Ukinzani huo basi humeza volti 20. Kidhibiti kinapotoa volti 420, zinabaki 400 za kuzungusha, na mwendo hushuka hadi takribani mizunguko 1,430. Hakuna atakayelalamika. Sasa mwendo upunguzwe hadi mizunguko 75, yaani volti 21. Ukinzani unameza zile zile 20. Inabaki volti moja, na brashi za kaboni nazo hudai kiasi cha volti mbili hivi. Mota haina budi kusimama, ingawa haina kasoro hata moja.

Kwa mintarafu hii, tiba imo katika kidhibiti. Vingi vya vidhibiti hivyo vina kirekebisho kinachoongeza volti kidogo kila mkondo unapopanda, ili kufidia kile kinachomezwa na ukinzani. Huzungushwa polepole, mota ikiwa na mzigo. Kikizidishwa, mota huanza kuyumba, ikienda mbio na kupunguza kwa zamu. Njia iliyo bora zaidi ni kufunga kwenye shafti jenereta ndogo ya kupima mwendo, ili kidhibiti kisikisie mwendo bali kiupime.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, wala si kwa kulazimishwa. Mhandisi aliyesomea Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, alifundishwa kwa Kiingereza. Mhudumu wa mashine humweleza kisa kwa Kiswahili au Kigikuyu. Neno "imekufa" linapovuka kati yao, hakuna habari inayovuka nalo. Ilhali Kiswahili kina vitenzi vya kutosha, endapo kila kimoja kitapewa kazi yake na kulinganishwa na vipimo viwili, volti na mkondo, vilivyosomwa mota ikiwa imesimama.

Mkondo ukiwa umefika kwenye kikomo kilichowekwa katika kidhibiti, mota *imelemewa*: huenda gia imekwama, kikomo kimewekwa chini mno, au uga wa sumaku umedhoofika kiasi kwamba mkondo mwingi unazaa nguvu haba. Volti ikiwa ndogo na mkondo haujafika kikomo, mota *imepunjwa*. Hiyo ndiyo hali ya mfano wetu. Volti ikiwapo na mkondo ukikosekana, mota *imekatikiwa*: brashi zimekwisha au hazigusi. Ikiwa husimama mahali pale pale katika kila mzunguko, basi *inasita*, na yafaa kuchunguza komyuteta, kwani huenda koili moja imekatika. Jambo moja la hatari lisisahauliwe: nyaya za uga zisichomolewe kamwe mota ikizunguka, kwani mota isiyo na mzigo mkubwa inaweza kuongeza mwendo hadi ikapasuka.

Eneo la Mlima Kenya lina tatizo lake la ziada. Viwango vya kimataifa hukadiria uwezo wa mota za kawaida kwa mwinuko usiozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na joto la hewa lisilozidi nyuzi 40. Embu, Meru, Karatina na Nyeri zote ziko juu ya mwinuko huo. Nanyuki iko takribani mita 1,900. Hewa nyepesi huondoa joto kwa shida. Ni kweli kuwa baridi ya Nyeri hufidia upungufu huo, lakini baridi hiyo haiingii katika ukumbi wa vikaushio. Aidha, feni iliyofungwa kwenye shafti ya mota hupunguza mwendo pamoja na mota yenyewe, hivi kwamba upepo huadimika wakati ule ule mkondo ungali mwingi. Nyaya zikipata joto ukinzani wake hupanda, volti zinazomezwa huongezeka, na mota iliyofanya kazi vyema asubuhi husimama mchana. Mota ya mwendo wa chini huhitaji feni yenye mota yake ya pembeni.

Kwa hiyo daftari la zamu likiandikwa "imepunjwa, saa nane mchana, volti 21, ampea 19", mhandisi ana pa kuanzia kabla hajafungua hata skrubu moja.