Sauti Zetu Zisikike Katika Michezo ya Watoto Wetu

Anayepita jioni mbele ya banda la gemu, liwe la Mbinga au la Mjini Unguja, hana haja ya kuchungulia ndani ili ajue kinachochezwa humo. Masikio yatamwambia. Atasikia makelele ya mashabiki wa viwanja vya Uingereza, ving'ora vya polisi wa Marekani, na bunduki za vita ambavyo mababu zetu hawakupigana. Sauti hizo zimetengenezwa na watu walioijua kazi yao, nasi hatuwalaumu. Kila fundi huchonga mti wa kwao. Tunalouliza ni hili: mti wa kwetu auchonge nani?

Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya ufundi wa michezo ya kompyuta, nayo ni sauti. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo sehemu ambayo kijana asiye na mtaji anaweza kuianza kwa simu aliyo nayo mkononi. Pili, sauti ni mali inayopotea bila kuaga. Nyumba ikibomoka hubaki msingi. Sauti ikinyamaza haibaki hata alama. Kwa mfano tumeuchukua mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, kutoka Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, pamoja na milima ya Mbinga iliyo juu yake. Lakini ndugu zetu wa visiwani wasome Nungwi, Wete au Kilindoni mahali tuliposema Liuli, na hoja itakuwa ile ile.

SAUTI SI PAMBO

Wako wanaodhani kwamba sauti katika mchezo ni pambo, kama ua kwenye kanga. Historia yakataa. Mwaka 1972, Allan Alcorn alipouunda mchezo wa Pong huko Marekani, wakubwa wake walitaka asikike umati ukishangilia. Hakuwa na nafasi wala vipuri vya kufanya hivyo. Basi akatafuta mlio uliokuwamo tayari ndani ya mitambo yake, akautumia kila mpira ulipogonga. Mlio ule mfupi ukajulikana duniani kote. Mwaka 1978, mchezo wa Kijapani wa Space Invaders uliwekewa noti nne nzito zinazojirudia, na kadiri maadui walivyokaribia, noti ziliharakishwa. Mchezaji alijiona moyo unamwenda mbio, kumbe anayeukimbiza ni mpiga noti.

Mwaka 1993 likatokea jambo linalotuhusu zaidi. Watengenezaji wa mchezo wa Doom waliziweka picha, ramani na sauti katika faili la pembeni, mbali na programu yenyewe. Kwa hiyo mtu wa kawaida aliweza kutunga hatua zake mwenyewe, yaani zile ngazi ambazo mchezaji hupanda moja baada ya nyingine, na kutia humo sauti alizozinasa nyumbani kwake. Tangu hapo mlango haukufungwa. Leo ziko programu za bure za kutungia michezo, kama Godot, na ya bure ya kukatia sauti, Audacity, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000. Anayecheza Minecraft anaweza kuondoa sauti ya nyayo iliyomo na kutia ya kwake, bila kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta.

Na hapa nchini tumeona kwa macho yetu uzito wa sauti. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa kompyuta bapa zenye michezo ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa la XPRIZE lililoendeshwa kwa ushirikiano na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Kabla ya jaribio hilo, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Na tufikiri: mtoto asiyejua kusoma hawezi kuongozwa kwa maandishi. Mwalimu wake ndani ya mashine ile alikuwa ni sauti. Mwezi Mei 2019 tuzo ya dola milioni 10 waligawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion, na programu za washiriki wote wa mwisho zikaachwa wazi ili yeyote azitumie.

TUTUNGE HATUA TATU

Basi tuseme vijana wa Liuli wanatunga mchezo wenye hatua tatu. Je, wataweka sauti gani?

Hatua ya kwanza ni uvuvi wa usiku. Dagaa wa Nyasa huvuliwa gizani kwa taa. Mjinga wa kazi atatia mlio wa mawimbi aliouchota mtandaoni, uliorekodiwa katika bahari ya Ulaya, na mvuvi yeyote atamcheka. Wimbi la ziwa ni fupi, halina pumzi ndefu ya wimbi la bahari linalovunjika mwambani. Mtu wa Makunduchi anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Usiku ukitulia, husikika kafi likiingia majini, matone yakidondoka kafi likiinuliwa, na mazungumzo ya mtumbwi ulio mbali kana kwamba uko jirani. Hili si la ajabu: hewa iliyogusa maji hupoa, ile ya juu ikabaki na joto, na sauti iliyokuwa ipae hupindishwa kurudi chini. Kwa hiyo mtunzi aliye makini ataziacha sauti za mbali zisikike wazi katika hatua hii. Kisha mchezo ukitaka kumtisha mchezaji, hauhitaji zimwi. Uanze upepo wa kusini ambao wavuvi huuita mwera, kwanza kwa mvumo mwembamba, halafu maji yaanze kupiga ubavu wa mtumbwi. Ziwa hili lina urefu unaozidi kilomita 550 na kina cha takriban mita 700 penye kina kirefu. Anayeishi kando yake anajua maana ya mlio huo.

Hatua ya pili ni ya historia. Tarehe 13 Agosti 1914, hapo hapo Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Lilikuwa miongoni mwa mapambano ya awali kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtunzi afanye hesabu: sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mzinga ukifyatuliwa umbali wa mita 1,700, mchezaji aliyesimama ufukweni aone moshi kwanza, na mshindo umfikie baada ya sekunde tano. Ndani ya sekunde tano hizo za ukimya mna hofu kubwa kuliko ndani ya mshindo wenyewe.

Hatua ya tatu ni ya mlimani na ya sherehe. Mbinga ni nchi ya kahawa na ya ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo wameyachimba katika miteremko kwa vizazi vingi. Zinaswe sauti za jembe likifukia majani, na za mashine ndogo ya mkono ikimenya kahawa mbivu. Kisha ije ngoma ya mganda: safu za wanaume katika mwendo wa gwaride, ngoma kubwa, na vibuyu vyenye utando mwembamba vinavyonguruma kama tarumbeta. Hapa watu wa pwani na visiwani wasijione wageni. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, alionyesha jinsi beni, iliyoanzia miji ya pwani, ilivyoenea bara na kuwa ndugu wa ngoma kama mganda. Vibuyu vinavyovuma ziwani vina nasaba na matarumbeta ya Lamu na Mombasa.

KAZI YENYEWE

Kazi hii ina adabu zake, na asiyezifuata hupoteza siku. Kwanza asikilize kabla ya kunasa. Aketi robo saa, aandike kila anachokisikia. Aliyepita chuoni anakumbuka kwamba kila herufi ina mahali pake pa kutokea, na anayeikosea hurudishwa mpaka sikio limfunguke. Ndivyo ilivyo hapa.

Pili, akifunike kinasa sauti kwa sponji au kitambaa kizito, kwa kuwa upepo wa ziwani huharibu kila kitu. Anase kila sauti mara nyingi, na asisahau kunasa dakika mbili za mahali penyewe pasipo na tukio lolote. Kimya cha Mbamba Bay si kimya cha chumbani, na bila kimya hicho sauti nyingine zitaonekana zimebandikwa.

Tatu, akate. Mlio wa nyayo usiwe mmoja; viwe vitano au sita, programu ichague kwa bahati nasibu na kuupandisha au kuushusha kidogo, la sivyo sikio litagundua udanganyifu kwa haraka. Sauti inayojirudia daima, kama ya mawimbi, mwisho wake uungane na mwanzo wake pale mstari wa sauti unapopita sifuri. Ikikosewa, kila mzunguko utatoa mdundo mdogo kama kokoto iliyopigwa kwenye bati.

Nne, apime uzito. Sauti safi ya njia moja, inayopimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa biti 16, hula baiti 88,200 kila sekunde, yaani zaidi ya milioni tano kwa dakika. Kwa simu za wananchi wetu hilo ni zito. Lazima ibanwe, na mfumo wa Ogg ni wa bure. Mwisho, asikilize kazi yake kwa spika ya simu ya bei nafuu. Spika ndogo haitoi mlio mzito, na ngoma kubwa ya mganda itatoweka kabisa asipoiongezea mkwaruzo wa fimbo juu ya ngozi.

YANAYOWAHUSU WAKUBWA

Sasa twageukia ofisi. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Tanzania Bara Januari 2024 imeyapa uzito mafunzo ya amali. Kunasa na kutengeneza sauti ni amali kamili, haihitaji karakana ya mamilioni, na ofisa wa utamaduni wa wilaya akishirikiana na yule wa elimu wanaweza kuanza na shule moja ya Wilaya ya Nyasa, ambayo imekuwa wilaya kamili tangu ilipogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012. Zanzibar nayo haina sababu ya kungoja. Nchi iliyowahi kutangulia kuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973 haishindwi na kinasa sauti.

Lakini kuna jambo la haki. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi, kwa kuwa mashine zilikuwa za wengine, na biashara ya santuri ikawa mikononi mwa kampuni ya kigeni. Leo mashine tunayo mfukoni, lakini hatari haijaondoka: mgeni anaweza kuinasa mganda asubuhi na kuiuza jioni. Bara kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA yake. Zanzibar kuna sheria yake ya mwaka 2003 na COSOZA yake. Sheria hizo zifundishwe kwa vikundi vya ngoma kwa lugha wanayoielewa, na kila kikundi kinachonaswa kiombwe ruhusa, kitajwe jina, na kipewe fungu lake. Kijana wa kwetu naye asidhani ameruhusiwa kumdhulumu mzee wa kijiji kwa kuwa wote ni wananchi.

Vile vile, halmashauri zianzishe maktaba ndogo za sauti. Kila sauti iandikiwe mahali, tarehe na aliyeitoa, na nakala ihifadhiwe mahali pawili. Meli za zamani za ziwa hili zilikuwa na honi zao ambazo watoto walizijua kwa majina. Mashine za mkono za kahawa nazo zinaachia nafasi mitambo mikubwa. Hatupingi maendeleo, wala hatumtaki mkulima aendelee kuchoka ili sisi tupate mlio mzuri. Tunasema tu kwamba kinachoondoka kinaswe kabla hakijaondoka, na gharama yake ni ndogo kuliko posho ya semina moja.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Watoto wetu wataendelea kucheza, tupende tusipende, na wala si vibaya wakizijua sauti za ulimwengu. Kilicho kibaya ni mtoto wa Liuli kuutambua mlio wa garimoshi la London na asiutambue wa furukombe anayelia juu ya paa la nyumba yao. Vijana wachukue simu zao waende ufukweni. Na wenye vyeo wawafungulie milango ya shule na ya ofisi. Ziwa linasema kila siku. Linangoja wa kulinasa.