Kuubadilisha Mpira wa Mlango wa Oveni ya Gesi, na Hatari Ambayo Mpira Hauizuii

Katika nyumba za Nizwa, Ibra na Sur, oveni ya gesi hufanya kazi kubwa, hasa mwezi wa Ramadhani na siku za Idi. Kifaa hiki hudumu miaka mingi, lakini sehemu yake moja huchakaa mapema kuliko nyingine: mpira unaouzunguka mlango. Kuubadilisha si kazi ngumu. Hata hivyo, kaya nyingi huuchanganya mpira huo na jambo jingine lililo zito zaidi, yaani hewa ya sumu inayotokana na gesi inapoungua. Karatasi hii inaeleza mambo hayo mawili, kila moja mahali pake.

Kazi ya mpira

Aliyewahi kuona shuwa ikipikwa wakati wa Idi atalielewa jambo hili upesi. Nyama huteremshwa shimoni juu ya makaa, kisha mdomo wa shimo hufunikwa na kuzibwa kwa udongo. Pakibaki upenyo, moto huwaka ovyo na nyama huharibika. Mpira wa oveni hufanya kazi inayofanana na ya udongo ule: hulizuia joto lisitoroke mlangoni.

Mpira ukichakaa, chakula huchelewa kuiva na gesi hutumika zaidi. Joto linalotoka pembeni huweza kuunguza mikono, kuyeyusha vitufe vya jiko na kuharibu kabati za jirani. Mtoto mdogo anayegusa mlango huo yumo hatarini kuliko mtu mzima, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na kimo chake kinalingana na mlango.

Namna ya kuujua mpira uliochakaa

Mpira mzima hunepa ukibonyezwa, kisha hurudi kama ulivyokuwa. Uliochakaa huwa mgumu, umepasuka, umelala bapa au umechomoka kwenye kona.

Lipo jaribio jepesi. Oveni ikiwa baridi, kipande cha karatasi huwekwa kati ya mlango na fremu, mlango hufungwa, kisha karatasi huvutwa taratibu. Ikishikwa, mpira unabana. Ikitoka bila kizuizi, mpira umelegea mahali hapo. Jaribio lirudiwe sehemu kadhaa za kila upande wenye mpira. Karatasi ikilegea upande mmja tu, huenda kasoro ni ya bawaba za mlango; hapo fundi aitwe kabla ya kununua chochote.

Kununua mpira unaofaa

Namba ya oveni huandikwa kwenye kibandiko kilichopo aghalabu kwenye fremu ya mlango au nyuma ya jiko. Kibandiko hicho kipigwe picha, na mpira wa zamani upelekwe dukani ukalinganishwe na mpya kwa urefu, unene na aina ya kulabu zake.

Mpira wa mlango wa friji, au gundi ya kuzibia madirisha, visitumike kamwe. Havikutengenezwa kwa joto la oveni. Huyeyuka na kutoa moshi wenye madhara.

Tahadhari moja inahusu majiko ya zamani sana. Baadhi yake yalifungwa kamba nyeupe au ya kijivu iliyosokotwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto hudhuru mapafu. Kamba ya namna hiyo isikatwe, isikwanguliwe wala isifagiliwe ikiwa kavu. Iachwe kama ilivyo, na shauri la fundi mwenye ujuzi litafutwe.

Hatua za kubadilisha

1. Oveni izimwe na iachwe ipoe kabisa. Gesi ifungwe kwenye mtungi, na waya wa umeme, kama upo, uchomolewe.

2. Mpira wa zamani uchunguzwe na upigwe picha kabla ya kutolewa. Iangaliwe kama umefungwa kwenye mlango au kwenye fremu, na kama unazunguka pande zote nne au tatu tu.

3. Glavu zivaliwe. Kulabu za waya zichomolewe mojamoja kwa vidole, kuanzia kwenye kona. Kama mpira umeshikwa kwa skrubu, bisibisi itumike. Kama umekaa ndani ya mfereji, uvutwe taratibu.

4. Mahali pa mpira pasafishwe kwa kitambaa, maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka mafuta yaliyoganda yatoke, kisha pakaushwe. Uchafu ukibaki, mpira mpya hautalala sawasawa.

5. Kulabu za kona zitangulie kuingizwa, kisha za katikati. Mpira usivutwe kwa nguvu wala usipindwe. Gundi haihitajiki kwenye mpira wenye kulabu.

6. Jaribio la karatasi lirudiwe.

7. Gesi ifunguliwe, na maungio ya mtungi na bomba yapakwe povu la sabuni. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Mtungi ufungwe tena na fundi aitwe. Uvujaji usitafutwe kwa kiberiti.

8. Oveni iwashwe ikiwa tupu kwa muda wa nusu saa, madirisha yakiwa wazi, ili harufu ya mpira mpya itoke.

Katika hatua ya pili lipo kosa linalofanywa mara kwa mara. Baadhi ya oveni huachwa bila mpira upande wa chini kwa makusudi, ili hewa ya kulisha moto ipite hapo. Mpira wa pande tatu usiongezewe upande wa nne.

Mpira hauzuii sumu

Majiko ya kupasha nyumba joto yatumiwayo katika nchi za baridi huwa na bomba linalopeleka moshi nje, na utepe wa mlango wake husaidia moshi usiingie chumbani. Oveni nyingi za gesi za majumbani hazina bomba hilo. Hewa iliyokwisha kuungua hutoka kwenye tundu lililo juu au nyuma ya oveni na kuingia jikoni, hata mpira ukiwa mpya. Kwa hiyo mpira hulinda joto, bali kinachowalinda watu ni hewa safi.

Gesi isipopata hewa ya kutosha huungua nusunusu na kuzaa kaboni monoksaidi. Gesi ya mtungi hutiwa harufu ili uvujaji ujulikane, lakini kaboni monoksaidi haina harufu, rangi wala ladha. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa oksijeni hali mtu anapumua.

Moto wa gesi ulio salama ni wa buluu. Moto wa manjano, au masizi meusi kwenye vyombo na ukutani, ni dalili kwamba gesi haiungui vizuri. Oveni hiyo isitumike mpaka fundi aisafishe. Tundu la kutolea hewa lisizibwe kwa karatasi ya aluminiamu wala kwa sufuria.

Kiangazi na kipupwe

Joto la Ibra na Nizwa wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, na madirisha hufungwa ili kiyoyozi kifanye kazi. Lakini kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ileile ya ndani. Hakileti hewa mpya. Oveni inapowaka, dirisha moja lifunguliwe hata kidogo, na feni ya kutoa hewa nje iwashwe.

Wakati wa kipupwe hatari hugeuka sura. Usiku wa Jabal Akhdar huweza kufikia kuganda kwa maji. Oveni isiachwe wazi ili kupasha chumba joto, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba cha kulala, hata makaa yakiwa hayatoi moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksaidi vilevile. Chetezo cha ubani au udi nacho kitolewe nje kabla ya watu kulala.

Dalili za sumu na la kufanya

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Baadaye mtu huchanganyikiwa na huweza kuzimia. Hufanana na mafua, ila homa huwa hamna. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiugua pamoja, au nafuu ikipatikana kila mtu atokapo nje, sumu ishukiwe. Wajawazito na watoto walio tumboni, watoto wachanga, wazee, na wenye maradhi ya moyo au seli mundu hudhurika upesi zaidi.

Hapo watu wote watoke nje kwanza. Simu ipigwe nambari 9999, ambayo ni ya dharura nchini Oman. Hata aliyepata nafuu apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba palikuwa na gesi au mkaa ukiwaka ndani. Bila neno hilo, ugonjwa huu ni rahisi kudhaniwa kuwa mwingine.

Kwa anayefanya kazi katika nyumba ya wengine

Msaidizi wa nyumbani ndiye hukaa jikoni kwa saa nyingi kuliko wote, naye huwa wa kwanza kuumwa kichwa. Kusema si utovu wa adabu, kwani sumu hii haimchagui mwajiri wala mwajiriwa, na watoto wa nyumba wanavuta hewa hiyohiyo. Asiyejua Kiarabu anaweza kumwonyesha mwenye nyumba karatasi ikiteleza mlangoni, au moto wa manjano. Mambo hayo hayahitaji mkalimani. Kazi ya kubadilisha mpira isianzwe bila ruhusa ya mwenye nyumba, lakini kufungua dirisha na kutoka nje mtu anapojisikia vibaya hakusubiri ruhusa ya yeyote.