Ugomvi na utiifu: Maneno ya Kiingereza yanayowatatiza Wapolandi

MFANYAKAZI kutoka Poland aliyeajiriwa katika kiwanda nchini Uingereza huenda akaambiwa hivi na msimamizi wake: "You mustn't start this machine." Ikiwa Kiingereza chake bado ni kichanga, ataitikia kwa kichwa akidhani ameambiwa kwamba si lazima aiwashe mashine hiyo. Kumbe amekatazwa katakata kuiwasha.

Kosa hilo halitokani na uzembe wala ukaidi. Linatokana na lugha yake ya mama. Kipolandi kina kitenzi 'musieć', yaani kulazimika kutenda jambo. Kikikanushwa kuwa 'nie musisz', maana yake ni kwamba si lazima ufanye. Kiingereza nacho kina 'must', neno linalokaribiana na lile la Kipolandi kwa sauti na kwa maana. Lakini 'must' ikikanushwa hugeuka kuwa katazo, ilhali lile la hiari husemwa 'you don't have to'. Kwa msemaji wa Kiswahili, tofauti iliyopo ni kama ile ya 'usifanye' na 'si lazima ufanye'. Mpolandi akitaka kukataza hutumia maneno mengine kabisa, 'nie wolno'.

Mfano huu wadhihirisha jambo ambalo walimu wa lugha wanalijua vyema. Maneno magumu zaidi kwa mwanafunzi si yale asiyoyajua, kwa kuwa hayo atayatafuta katika kamusi. Magumu ni yale anayodhani anayajua. Na hakuna uwanja ambapo dhana hiyo humponza mtu haraka kuliko uwanja wa maneno ya ugomvi na utiifu: kubishana, kulalamika, kukubali, kukataa, kuonya na kufuata sheria.

Haja ya Wapolandi kuyajua maneno hayo iliongezeka ghafla mnamo Mei 1, 2004, nchi yao ilipojiunga na Muungano wa Ulaya. Uingereza, Ireland na Sweden zilifungua milango yao ya ajira siku hiyo hiyo, ilhali mataifa mengine mengi wanachama yaliamua kusubiri. Sensa ya mwaka wa 2011 nchini England na Wales ilionyesha kwamba watu takriban 546,000 walikitaja Kipolandi kuwa lugha yao kuu. Katika sensa ya 2021 idadi hiyo ilikuwa takriban 612,000. Mara zote mbili, Kipolandi ndicho kilichoongoza miongoni mwa lugha za kigeni zinazozungumzwa huko.

Uingereza ilijiondoa katika Muungano huo mwaka wa 2020, na tangu mwanzo wa 2021 Mpolandi anayetaka kwenda kufanya kazi huko anahitaji viza. Hata hivyo, waliokwishalowea wangali wanaishi na kufanya kazi kwa Kiingereza, na wenzao walio nyumbani wanakihitaji katika kampuni za kimataifa zilizo Warsaw, Kraków na Wrocław.

Tuanze na ugomvi. Kipolandi kina ngazi yake ya maneno. Chini kabisa kuna 'sprzeczka', mabishano madogo. Juu yake kuna 'kłótnia', ugomvi wa maneno, kisha 'awantura', yaani vurumai yenye makelele. Mzozo wa kisheria au wa hoja huitwa 'spór', na watu wakishikana mashati huwa ni 'bójka'. Ngazi ya Kiingereza nayo ina vidato vyake, lakini havilingani na hivi kimoja kwa kimoja.

Neno 'argument' ni kielelezo kizuri. Katika Kipolandi, 'argument' ni hoja tu, tena hoja inayoheshimika. Katika Kiingereza laweza kuwa hoja, lakini katika mazungumzo ya kila siku aghalabu humaanisha ugomvi. Mpolandi akimweleza mkubwa wake kazini kwamba jana alikuwa na 'argument' nzuri na mteja, yeye hudhani amejisifu kwa kutoa hoja yenye mashiko. Mkubwa husikia kwamba mteja amegombezwa.

Wanaisimu huyaita maneno ya aina hii marafiki wa uongo. Nyuso zao zinafanana ilhali nia zao ni tofauti. 'Awantura' huonekana kama 'adventure' ya Kiingereza, yaani safari au tukio la kusisimua, kumbe ni fujo. 'Pretensja' hufanana na 'pretension', ambayo ni majivuno, kumbe Mpolandi anayesema ana 'pretensje' kwa mtu hajivuni bali ana kinyongo au lalama dhidi yake. Neno la Kiingereza analolitafuta ni 'grievance'. 'Transparent', ambalo kwa Mwingereza ni sifa ya kitu kinachoonyesha hadi ng'ambo, kwa Kipolandi ni bango linalobebwa na waandamanaji.

Lililo hatari zaidi pengine ni 'ewentualnie'. Kwa Kipolandi maana yake ni 'labda' au 'ikibidi'. Kiingereza kina 'eventually', yaani 'hatimaye'. Mwenye kampuni akiandika kwamba deni litalipwa 'eventually', ametoa ahadi, ijapokuwa hakutaja siku. Mpolandi akilisoma kwa macho ya lugha yake, huona kwamba deni huenda likalipwa na huenda lisilipwe. Mabishano ya pesa yanaweza kuzuka hapo bila yeyote kuwa mdanganyifu.

Fauka ya hayo, kuna vihusishi, yale maneno madogo yanayofuata vitenzi. Kipolandi husema 'walczyć z', kupigana na mtu, na maana yake ni kupigana dhidi yake. Kiingereza husema 'fight with', lakini hapo maana ni mbili: kupigana dhidi ya mtu, au kupigana bega kwa bega naye. Mwaka wa 1940, marubani wa Kipolandi waliokimbilia Uingereza baada ya nchi yao kutekwa walishiriki katika vita vya angani dhidi ya ndege za Ujerumani. Mwingereza husema Wapolandi hao walipigana 'with the British', akiwasifu kwa kuwa washirika. Sentensi hiyo ikigeuzwa neno kwa neno hadi Kipolandi, mashujaa hao wanageuka kuwa maadui wa Uingereza.

Upande wa pili wa ugomvi ni maafikiano, na hapa Kipolandi kina utajiri wa aina yake. Neno 'zgoda' hubeba mengi kwa pamoja: amani kati ya watu, makubaliano, ridhaa na hata ruhusa. Methali moja maarufu ya Wapolandi husema kwamba 'zgoda' hujenga na kinyume chake hubomoa, maneno yasiyo mbali na yale ya Kiswahili kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Kutokana na mzizi huo huo hupatikana 'zgodnie z prawem', yaani kwa mujibu wa sheria, na 'zgodność', hali ya kuafikiana na kanuni.

Kiingereza kimeugawa mti huo mmoja vipande vipande. Amani ya nyumbani ni 'harmony'. Makubaliano ni 'agreement'. Ridhaa, kama ile anayotoa mgonjwa kabla ya kupasuliwa, ni 'consent'. Kufuata kanuni ni 'compliance'. Mpolandi akisema hospitalini kwamba ametoa 'agreement' ataeleweka, ila fomu anayopaswa kutia sahihi imeandikwa 'consent', na hilo ndilo neno linalotambuliwa na sheria. Kwa upande wake, 'compliance' limewashinda Wapolandi wenyewe kulitafsiri kwa ufupi. Benki na kampuni kubwa nchini mwao zimelichukua lilivyo, zikawa na idara za 'compliance' zinazohakikisha kwamba sheria inafuatwa.

Hata kitenzi cha kukubali kina mitego. 'Agree with' ni kukubaliana na mtu au na maoni yake. 'Agree to' ni kuridhia jambo lifanyike. Mtu anaweza kukubali masharti bila kuyaona kuwa ya haki. Hapa Kipolandi humsaidia mwanafunzi, kwa kuwa nacho hutofautisha 'zgadzać się z' na 'zgadzać się na'. Anachohitaji ni kuonyeshwa ulinganifu huo mapema.

Katika utiifu, msomaji wa Kiswahili atahisi yuko nyumbani. Mtoto asiyetii huambiwa kwamba hasikii. Mpolandi naye hufikiri vivyo hivyo: 'słuchać' ni kusikiliza na pia kutii, na mtiifu huitwa 'posłuszny', neno lililotokana na kusikia. Hata 'obey' ya Kiingereza ina asili yake katika kitenzi cha Kilatini cha kusikia, ingawa wasemaji wa leo hawalitambui hilo.

Tatizo ni kwamba 'obey' halifai kila mahali. Mtoto humtii mzazi na askari humtii afisa wake, nao hutumiwa 'obey'. Kampuni hutumiwa 'comply with' sheria. Wachezaji hutumiwa 'abide by' uamuzi wa refa. Bidhaa hutumiwa 'conform to' viwango vilivyowekwa. Maneno manne, na kila moja lina mwandani wake au halina kabisa. Mpolandi, ambaye kwa lugha yake husema 'stosować się do', mara nyingi huandika 'comply to', kwa kuwa 'do' ya kwao hulingana na 'to' ya Kiingereza.

Kuna pia 'observe'. Mpolandi anajua 'obserwować', yaani kutazama kwa makini. Akiona tangazo linalomtaka dereva 'observe the speed limit', hushangaa ni vipi atautazama mwendo. Maana yake ni kwamba auzingatie. Kipolandi chenyewe hakikosi vituko: 'przestrzegać' ni kuzingatia kanuni, lakini likifuatwa na 'przed' huwa ni kumwonya mtu dhidi ya hatari. Vilevile 'wypowiedzenie' ni notisi ya kuacha au kuachishwa kazi, na neno hilo hilo hutumika nchi inapotangaza vita. Kiingereza hakiwezi kutumia neno moja kwa mambo hayo mawili. Kazi hutolewa 'notice', vita hufanyiwa 'declaration'.

Zaidi ya maneno yenyewe, kuna adabu ya kuyatumia. Anna Wierzbicka, mtaalamu wa isimu aliyezaliwa Poland na kufundisha kwa miaka mingi nchini Australia, alieleza katika makala ya mwaka wa 1985 jinsi lugha hizi mbili zinavyotofautiana katika kuomba na kuamuru. Kwa Kipolandi, amri ya moja kwa moja ikitanguliwa na 'proszę', yaani tafadhali, haichukuliwi kuwa utovu wa adabu. Mwingereza hupendelea kuificha amri ndani ya swali.

Kwa hivyo, Mpolandi hukosea pande zote mbili. Akitoa ombi kwa amri, huonekana mkali ilhali hana ubaya wowote. Akiambiwa 'you might want to check this again', hudhani ni shauri analoweza kulipuuza, kumbe mkubwa amemwagiza arudie kazi. Akiambiwa 'I'd rather you didn't', hudhani mwenzake ametaja tu apendacho, kumbe ni katazo. Isitoshe, nyumbani kwake heshima ilihifadhiwa na maneno 'Pan' na 'Pani', mfano wa Bwana na Bibi, ambayo humwezesha mtu kugombana na mwenzake bila kumvunjia heshima. Kiingereza humwachia 'you' pekee, kwa mkubwa na kwa mdogo.

Gharama ya makosa haya yaweza kuwa kubwa. Onyo ambalo polisi wa England na Wales humsomea mshukiwa huanza kwa maneno 'You do not have to say anything', yaani si lazima useme lolote. Lakini huendelea kumtahadharisha kwamba kunyamaza kuhusu jambo atakalolitegemea baadaye mahakamani kunaweza kuudhuru utetezi wake. Anayechanganya hiari na katazo atadhani ameamriwa kunyamaza. Ndiyo maana mshukiwa asiyekielewa Kiingereza ana haki ya kupewa mkalimani kituoni, na ni busara kumwomba hata kwa yule anayejiona anaelewa kiasi.

Mwanafunzi afanyeje basi? Kukariri orodha ya maneno yenye tafsiri moja moja hakufai, kwani orodha kama hiyo ndiyo inayomfundisha kwamba 'zgoda' ni 'agreement' na kumwacha hapo. Ni bora ajifunze neno pamoja na mwandani wake na mahali pake: si 'comply' peke yake, bali 'comply with the rules'. Afaa pia kuweka daftari la marafiki wa uongo, na kuyasoma maneno ya hiari, lazima na katazo kwa pamoja badala ya kuyatenganisha katika masomo ya wiki tofauti.

La mwisho ni rahisi, nalo halihitaji kamusi. Anapopewa agizo asilokuwa na hakika nalo, Mpolandi na aulize kwa maneno yake: je, nimekatazwa, au si lazima? Swali hilo la sekunde chache, likiulizwa kabla mashine haijawashwa au karatasi haijatiwa sahihi, huokoa mengi kuliko sarufi ya mwaka mzima.