Elimu ya Ubongo Si Anasa

Kila mwaka, majibu ya mitihani ya kidato cha sita yanapotoka, hujiwa na vijana wanaotaka kuandikiwa barua. Wengi huomba udaktari, ualimu au uhasibu, na barua zao hatukawii kuziandika. Mwaka huu alitujia kijana kutoka Pemba, mtoto wa mvuvi, mwenye ombi ambalo hatujapata kuliona katika fomu yoyote: anataka kusomea shahada ya kwanza ya elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu. Tulipomwuliza kwa nini asiombe udaktari tu, alijibu kwa adabu kwamba mdogo wake wa kike ana kifafa, na siku moja aliangukia mekoni mkono ukaungua. Daktari alimpa dawa, na dawa ilimfaa. Lakini hapana aliyeweza kumweleza ni jambo gani linalopita ndani ya kichwa cha mtoto yule dakika ile anapoanguka. Hilo ndilo analotaka kulijua.

Ombi lake la fedha lilirudishwa. Ofisa aliyelishughulikia, ambaye hatuna nia ya kumtaja, alimwambia kwamba visiwa vinahitaji watu wa kazi, na ubongo hautajenga barabara.

Hatumshutumu ndugu huyo kwa ubahili. Fungu analoligawa ni dogo na wanaolililia ni wengi. Lakini hoja yake twaikataa, na twaona ni wajibu wetu kusema kwa nini.

Yafaa kwanza ieleweke elimu hii ni nini. Si udaktari. Mwenye shahada yake ya kwanza hawezi kumwandikia mgonjwa dawa wala kumpasua mtu kichwa, na kijana asiyeambiwa hayo mapema hudanganyika. Wala si masomo ya siku nyingi kwa jina lake: huko Marekani, Chuo cha Amherst kilichoanzisha shahada ya namna hii mwaka 1973 ndicho kinachohesabiwa kuwa cha mwanzo. Kabla ya hapo mtu alisoma biolojia, saikolojia au udaktari, kisha akaufikia ubongo kwa kuzunguka. Mwanafunzi wa leo huanza na kemia, biolojia, fizikia na hisabati, kwani habari ndani ya mshipa wa fahamu husafiri kwa umeme, na umeme huo hutokana na chembe za sodiamu na potasiamu ziingiazo na kutoka katika seli. Asiyejua kemia atashindwa na hizo chembe, asiyejua fizikia atashindwa na umeme, na asiye na hisabati hawezi kupima lolote. Ndipo baadaye huja masomo ya kuona, kusikia, kukumbuka, usingizi na maradhi. Kijana anayekimbia hisabati akidhani kwamba ubongo ni habari za ndoto na hulka za watu, na aombe kitu kingine.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo sisi watu wa visiwani tungepaswa kulijua kabla ya wengine. Umeme huo wa mshipa wa fahamu ulifahamika sawasawa kwa sababu ya ngisi. Ndiyo, ngisi huyu huyu tumkaangaye. Katika mwili wake mna uzi wa fahamu ambao unene wake waweza kufikia milimita 1, na uzi huo ndio unaoiamrisha nyama ya mwili ijikaze ili arushe maji na kutoroka kinyumenyume, kama kila mvuvi alivyomwona akifanya. Uzi mnene kabisa wa mwanadamu ni kama sehemu moja ya hamsini ya huo. Mtaalamu J. Z. Young aliwaonyesha wenzake uzi huo katika miaka ya 1930. Mwaka 1939, katika maabara ya pwani ya Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliingiza mrija mwembamba wa kioo ndani yake wakaupima umeme. Vita ikawakatiza. Waliporudi kazini walimaliza hesabu zao na kuzichapisha mwaka 1952, na mwaka 1963 wakatunukiwa Nishani ya Nobel pamoja na John Eccles.

Na hesabu zenyewe Huxley alizifanya kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, maana kompyuta ya chuo chao haikuwa ikifanya kazi wakati ule. Alipata kwamba habari katika uzi wa ngisi itakwenda mita 18.8 kwa sekunde. Kipimo chenyewe kilikuwa mita 21.2. Wanaotwambia kwamba elimu hii haianzi bila ya mitambo ya mabilioni waisome habari hiyo mara mbili.

Sisi tuliokaa juu ya majamvi ya chuoni, tukirudia aya hadi zikatua kifuani, twajua kwamba kuhifadhi ni kazi. Eric Kandel aliitafuta siri ya kukumbuka ndani ya konokono wa baharini mwenye seli za fahamu zipatazo 20,000 tu, ilhali mwanadamu anazo kiasi cha bilioni 86, na Nobel yake akaipata mwaka 2000. Hata pweza, ambaye akina mama wetu humchokoa miambani maji yakipwa, ana seli hizo zaidi mikononi kuliko kichwani. Twamwuza kwa kilo, na wenzetu humwandikia vitabu.

Tena haja ipo. Shirika la Afya Duniani lasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila ya kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Watafiti wa Kilifi, jirani zetu, wameonyesha kwamba malaria ya ubongo huwaachia baadhi ya watoto waliopona kifafa na uzito wa kujifunza. Wapo miongoni mwetu ambao hadi leo mtoto akishikwa na degedege humpeleka kwanza kwa mganga.

Hatuombi kijengwe chuo kipya. Twaomba masomo haya yaingizwe katika orodha ya yanayofadhiliwa, hata kwa vijana wawili au watatu kwa mwaka, na Chuo Kikuu chetu cha Taifa kitazame kama chaweza kuyafundisha kidogo kidogo ndani ya biolojia. Mwaka 2011, huko Ishaka, magharibi ya Uganda, wataalamu kutoka Afrika na Ulaya walifundisha kozi ya elimu hii kwa kutumia nzi wadogo wa matunda. Nzi hao hapa hawanunuliwi.

Kijana wetu tumemwandikia barua ya pili, naye amekwisha rejea Pemba kungojea jibu. Kwenye karatasi ya anwani aliyotuachia ameongeza chini, kwa kalamu ya risasi, kwamba vidonge vya mdogo wake vimekwisha kituoni, na iwapo twaweza tumtafutie vingine hapa Unguja.