Ngoma na Maabara Havigombani

Katika nyumba nyingi za Nateete, mtaa wenye soko na mafundi wengi kando ya barabara itokayo Kampala kwenda Masaka, karo ya chuo kikuu hupatikana kwa jasho. Si ajabu basi mzazi kuuliza: mwanangu anayeshinda na marimba atakula nini? Swali hilo lilizidi uzito mwaka 2005, Serikali ya Uganda ilipoamua kwamba sehemu kubwa ya wanafunzi inaowalipia karo wawe wa masomo ya sayansi.

Hata hivyo, wasomi wa Uganda waliopata sifa katika sayansi na waliopata sifa katika muziki walianzia mahali pamoja, yaani katika mambo ya nyumbani.

Brian Gitta alikuwa mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Makerere. Malaria ilimkosesha masomo, na ilihitaji vipimo vinne vya damu hadi igundulike. Yeye na wenzake wakabuni Matibabu, chombo kinachobana kidole bila kuchoma sindano. Mwale wa mwanga mwekundu hupenya ngozini kutafuta mabadiliko ya rangi, umbo na wingi wa chembe nyekundu za damu. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 24, Gitta alipata Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Alikuwa Mganda wa kwanza kuipata.

Kwa upande wa muziki yuko Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951. Alisoma Belfast, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, na akafundisha Makerere. Huko ugenini hakuiacha ngoma ya kwao. Alitunga muziki wa ala nne za nyuzi unaofuata midundo ya Kiganda, na kikundi cha Kronos cha Marekani kikaurekodi katika santuri ya mwaka 1992, iliyosikika duniani kote.

Anayedhani muziki huo ni mchezo tu na atazame amadinda, marimba ya Kiganda yenye mbao 12. Hupigwa na watu watatu. Omunazi huanza, omwawuzi huingiza sauti zake katikati ya zile za kwanza, na omukoonezi huokota sauti mbili za chini na kuzirudia juu. Wimbo unaosikika haupigwi na yeyote kati yao peke yake. Hapo pana hesabu, nidhamu na kusikilizana, mambo yale yale yanayotakiwa katika maabara.

Wazazi wasidanganyike, lakini, kwamba tuzo ni mwisho wa safari. Matibabu kilipotuzwa kilikuwa bado kinafanyiwa majaribio. Sifa hufungua mlango tu, kazi hubaki.

Kwa hiyo, pamoja na kuuliza kijana atakula nini, ni vyema mzazi aulize pia: unatafuta jibu la jambo gani? Unashirikiana na nani? Umejaribu mara ngapi? Kijana mwenye majibu ya maswali hayo anastahili saa za utulivu na taa ya kusomea, awe anashika kipimo au anashika nyundo za marimba. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.