Anasa Ndiyo Hufa Mwanzo

Hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Sultani Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Schehrezade, ina kuta nene ambazo masika zaidi ya 170 hazijaziangusha. Kilichoumia humo ndani ni nakshi: ndege na maua yaliyofinyangwa kwa lipu, ambayo unyevu na ukungu huyala kidogo kidogo. Mwenye kutamani gari kubwa la saluni la Kimarekani la miaka ya 1990, Lincoln Town Car au Cadillac, na kutaka kuliweka Unguja, angefanya vyema kupita hapo kabla ya kwenda kwa dalali. Wengi huyakataa magari haya kwa sababu ya injini kubwa na mafuta. Naona wanatazama mahali pasipostahili. Kiunzi na injini, kwa gari lililochaguliwa vizuri, ni vitu vya kudumu. Kinachomfilisi mwenyewe ni ile anasa iliyopachikwa juu yake. Kulimiliki gari hili, basi, ni kuamua mapema anasa ipi utaiacha ife.

Tuanze chini ya gari. Town Car halikuundwa kama saluni nyingi za leo. Bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya fremu ya chuma, kama lori au Land Rover. Injini iko mbele, inazungusha propela mpaka kwenye difu nyuma. Fundi aliyewahi kulala chini ya lori anajua aanzie wapi. Kuanzia toleo la 1991 likatiwa injini ya V8 ya lita 4.6, ambayo ndugu zake wawili, Mercury Grand Marquis na Ford Crown Victoria, nao waliitumia, na Crown Victoria ndilo lililokuwa gari la polisi na teksi Marekani kwa miaka mingi. Wenye jamaa Maskati na Dubai wanazijua sura hizi, kwani Ghuba walizipenda mpaka siku ya mwisho: Crown Victoria la mwisho lilitoka kiwanda cha St. Thomas, Kanada, tarehe 15 Septemba 2011, na safari yake ilikuwa ya Saudi Arabia. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba spea zake nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoendesha usiku na mchana huku wakihesabu kila senti. Kasoro zipo, khasa manifoldi ya plastiki ya baadhi ya injini za 1996 hadi 2001, inayopasuka mbele na kumwaga maji ya rejeta. Dawa yake ni manifoldi mpya yenye kipande cha alumini. Pwani hii iliwahi kuita kitambaa kizima kwa jina la Marekani, merikani, kitambaa cha kawaida kisichochakaa upesi. Chini ya mng'aro wake wote, Town Car ni merikani.

Anasa yake ndiyo hariri. Nyuma, mahali pa springi, pana mipira miwili inayojazwa upepo na kompresa ya umeme ili abiria asilisikie shimo la barabara. Mpira huo ukishatimiza miaka kumi hivi hupasuka kwenye mikunjo. Usiku gari limeegeshwa sawasawa. Asubuhi nyuma limekaa chini kama ngamia anayesubiri kupakiwa. Ukiliwasha, kompresa inanguruma kulinyanyua, upepo unavuja, kompresa haipumziki, mwisho inaungua. Ufa usiozidi ukucha umekula mpira, kompresa na pengine betri. Dawa ya bei nafuu ni kung'oa vyote na kutia springi za koili. Wapenzi wa magari ya asili watapinga: umeliondolea utamu uliokufanya ulinunue. Ni kweli, matuta utayasikia. Lakini gari lililobaki linatembea, na lile lenye utamu kamili limekaa uani likingoja kifurushi kutoka ng'ambo.

Cadillac linathibitisha jambo hilo hilo kutoka upande wa pili. Injini yake ya Northstar, iliyotoka 1993, ilikuwa fahari ya General Motors: bloku ya alumini, valvu 32. Kumbe nyuzi za bolti zinazoshika silinda hedi huweza kung'oka kwenye alumini ile, gasketi ikaachia, injini ikachemka. Kuitengeneza ni kutoboa upya matundu na kuyatia nyuzi za chuma, kazi ya vipimo isiyotaka kubahatisha. Anasa ikiwa kwenye kiti, unaweza kuishi bila yake. Ikiwa ndani ya injini, hufa na gari lake.

Halafu kuna hewa ya kisiwa. Tuseme gari unaliweka Kidichi: huko ni juu kidogo, penye mikarafuu, si ufuoni, na hilo linasaidia dhidi ya chumvi. Lakini kivuli kina gharama yake. Majani ya mwembe yanayodondoka chini ya kioo cha mbele huziba vitundu vya kupitishia maji. Maji yakituama, hushuka sakafuni chini ya zulia, na zulia la gari la kifahari ni nene kama godoro. Linakaa bichi wiki nzima, bati likaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Zana ya kwanza ya mwenye gari hili ni chelewa ya ufagio, ya kuzibulia vitundu hivyo kila baada ya mvua. Spana zitafuata.

Watasema mafuta. Mjini, lita moja hulipeleka kilomita sita au saba. Kutoka Mjini hadi Kidichi na kurudi ni kama lita nne, kwa bei ambayo mamlaka ya udhibiti, ZURA, huitangaza kila mwezi. Kwa mtu wa teksi hesabu hiyo inatosha kulikataa, na ana haki. Kwa anayelitoa Ijumaa na siku za harusi, mafuta ya mwezi hayafiki gharama ya kompresa moja. Watasema spea: Gerezani, Dar es Salaam, utapata za Toyota, si hizi, kwa hiyo ziagizwe kabla hazijahitajika, plagi na koili zake, pamoja na pedi za breki, zije na jamaa au kontena la Dubai.

Pingamizi lenye uzito wa kweli ni usukani. Magari haya yana usukani wa kushoto. Kenya imeyazuia kabisa kwa watu wa kawaida, pamoja na yaliyozidi miaka minane. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo dereva wake anakaa pembezoni, na anachokiona mbele ni mgongo wa gari linalomtangulia. Akitaka kulipita, lazima amtegemee abiria wa kulia amwambie kama njia ni nyeupe. Springi hubadilishwa, manifoldi hubadilishwa. Hili sina jibu lake. Akiwa peke yake, na chombo chake cha mita tano na nusu, atalifuata daladala la 502 hadi Bububu, kituo kwa kituo.